Gawanya kwa 24

Watu wakiviona vigari vyangu, modeli ndogo za matatu za abiria za Nairobi, huuliza kwanza kama ninauza, kisha huuliza natumia gundi gani. Namba haiulizwi, na kazi yote iko kwenye namba. Yangu ni 24. Chochote ninachopima barabarani nakigawa kwa 24, na jibu ndilo ninalokata kwenye plastiki: urefu wa mlango, upana wa kiti, unene wa bati, ukubwa wa taa, hata tope lililoganda nyuma ya tairi. Ukigawa hiki kwa 20 na kile kwa 30 kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono, utapata toi safi ya kumpelekea mpwa wako Krismasi. Matatu hutakuwa umetengeneza.

Mimi hushinda kwenye duka la mabango karibu na River Road. Tunakata herufi, tunachapa stika, tunabandika majina ya kampuni kwenye milango ya pikapu. Kila jioni hubaki vipande vya foreksi, ile bodi nyeupe ya plastiki ya kutengenezea mabango, na vingi huishia kwenye pipa. Nilianza kuvibeba nyumbani Umoja kwa mfuko. Mamangu alivitazama, akauliza kama sasa tumeanza kuokota. Siku hizi yeye ndiye askari wa rafu: mgeni huambiwa vigari haviguswi kabla hajaambiwa karibu chai.

Namba yenyewe ilitoka mbali. Wenye kupima kwa futi na inchi waliona ni rahisi nusu inchi isimame badala ya futi moja, na hiyo inakupa 24 kamili. Kampuni za Marekani kama AMT zilishika 25. Tamiya ya Shizuoka na Wajapani wenzake wakaisambaza 24 duniani, ndiyo maana ukitaka kuagiza rimu au viti vya ziada utavipata vingi katika skeli hiyo. Hot Wheels, toi zilizoanza 1968, husemwa ni za 64, lakini nyingi zimepimwa kwa pakiti. Lori na saluni huja karibu urefu mmoja kwa sababu lazima yote mawili yatoshee kwenye kadi ileile dukani. Sina ugomvi nazo, nilikua nazo. Ila zilinionyesha mapema kwamba jicho hujua. Mtoto akipanga lori na saluni sako kwa bako atakwambia hapa kuna kitu hakiko sawa, hata kama hajaanza shule.

Mimi nilishika matatu ya viti 33, Isuzu NQR, kwa kuwa ndiyo inayonipeleka kazini kila siku. Gari hilo hutoka kiwanda cha Mombasa Road, kilichokuwa General Motors hadi Isuzu walipokichukua 2017, likiwa chasi na kichwa. Bodi hujengwa kwingine, kwa mafundi wenye bomba za mraba, bati, fila na rangi, na kila gereji ina mkono wake. Huyu huinua paa mbele, yule hulaza kioo cha nyuma, mwingine huongeza kidirisha cha pembe tatu ambacho hakina kazi yoyote isipokuwa urembo. Kwa hiyo hakuna mchoro mmoja wa kunakili. Anayejenga Ferrari hufungua boksi akakuta Mjapani ameshampimia kila kitu. Anayetaka nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Nairobi hubeba tepi ya kupimia, akaenda kuomba ruhusa.

Nilienda Kariobangi Light Industries Jumamosi moja, tepi mkononi na daftari kwapani. Fundi mmoja wa makamo alikuwa amelala chini ya gari, miguu pekee ikiwa nje. Nikaisalimu hiyo miguu.

"Unapima gari la nani, msichana?"

"Langu, mzee. Dogo tu, la mezani."

Alitoka, akajifuta grisi, akaiomba simu. Nilikuwa na picha ya modeli ya basi niliyokuwa nimeipenda sana, kazi ya mtu wa nje, imepakwa rangi hadi unaweza kujiangalia. Nilitegemea acheke au asifu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena upande wa tairi.

"Bodi nzuri. Lakini inaelea."

"Inaelea vipi?"

"Gari likipakia hukaa. Hili halijawahi kubeba mtu."

Akashika ncha moja ya tepi yeye mwenyewe. Tulipima nafasi iliyopo kati ya juu ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi. Kwenye gari lililokuwa bado tupu, bila viti, ilikuwa sentimita 14. Kwenye jingine lililosimama kando, lenye viti vyote na maspika yake, ilikuwa 9. Gawanya kwa 24: karibu milimita 6, na chini kidogo ya milimita 4. Tofauti ya milimita 2 tu kwenye meza. Nikimwonyesha mtu modeli mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa hizo milimita 2, atanyosha kidole kwenye ile iliyokaa, akasema hii ndiyo gari, na hataweza kukwambia kwa nini.

Tangu siku hiyo sianzi na bodi. Naanza na chasi, tairi, na kimo cha kukaa. Springi za modeli yangu hazichezi. Nazigandisha zikiwa zimelala, upande wa mlango chini kidogo kuliko wa dereva, kwa sababu upande wa mlango ndiko watu huning'inia. Uzito nao una hesabu yake. Urefu unagawanywa kwa 24, upana kwa 24, kimo kwa 24, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 24 mara tatu, yaani 13,824. Gari la tani 7 linapaswa kuwa nusu kilo. Foreksi na gundi havifiki hapo hata kidogo, na modeli nyepesi hutetemeka kila mtu akiweka kikombe mezani. Mimi huomba vyuma vidogo vya kubalansia tairi kwa mafundi wa magurudumu, vile vilivyotolewa, nikavipanga chini ya sakafu juu ya mhimili wa nyuma hadi mizani ya jikoni iseme nusu kilo.

Tairi zenyewe, kwa anayeuliza: tairi lenye kipenyo cha milimita 800 linatoka 33. Watoto wa Eastlands wamekuwa wakikata tairi kwenye ndara kuukuu tangu zamani, na hadi leo sijaona mpira bora kwa bei hiyo. Kata kwa bomba la chuma lililonolewa mdomo, si kwa kisu. Nyuma kumbuka ni tairi nne, si mbili. Nimeona modeli za watu wazuri kabisa zenye mbili nyuma, na sina la kusema.

Sasa unene, ambao ndio unaokula muda wangu kuliko kitu kingine chochote. Foreksi nyembamba zaidi dukani kwetu ni ya milimita 3. Zidisha kwa 24 upate 72. Hizo ni sentimita 7 za ukuta. Kata dirisha kwenye bodi hiyo uliache hivyo, na abiria wako atachungulia nje kama askari wa Fort Jesus. Mtazamaji hataijua hesabu, lakini ataona ukuta mnene kabla hajaona rangi uliyoipaka wiki nzima. Kwenye matatu ya kweli bati halifiki milimita 2, na ukuta wote pamoja na bomba zilizo ndani ni sentimita 4 hivi. Ninahitaji kitu kisichozidi milimita 1.7, kigumu, kinachokatika vizuri, na kisichoniingiza kwenye gharama ya kuagiza plastiki ya modeli kutoka ng'ambo.

Kitu hicho kiko chini ya kila mwavuli wa wakala wa simu. Kadi ya benki, kwa kipimo cha kimataifa, ina unene wa milimita 0.76. Ile fremu ya plastiki inayobaki ukishabandua laini mpya ni ya unene huohuo. Milimita 0.76 mara 24 ni 18. Bandika mbili pamoja upate 36, na huo ni ukuta wa matatu. Foreksi nimeibakisha kwa sakafu na chasi. Wakala wa pale kwetu ananiwekea fremu kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nami humnunulia chai. Kadi za benki zilizokwisha muda nazo huja, watu wa kazini huniletea wakiwa wamezikata katikati ili nisiwaibie, jambo ninaloliheshimu.

Kukata dirisha ndiko kunakomtenganisha mwenye haraka na mwenye modeli. Pembe za dirisha la matatu ni za mviringo, kwa hiyo natoboa kwanza pembe nne kwa keekee ya milimita 1 ninayoizungusha kwa vidole. Kisha naweka rula ya chuma, napitisha kisu kutoka tundu hadi tundu, kwa wepesi, tena na tena, bila kukandamiza. Kisu kikikandamizwa hupanda juu ya rula na kukuonyesha rangi ya damu yako. Baada ya muda unageuza kadi, unaona mstari mweupe umetokea upande wa pili. Hapo sihitaji kukata tena. Nakunja kidogo, kipande kinaitika "tik" na kuachia chenyewe. Msasa namba 400, kisha 800 na maji. Halafu kitu ambacho hakionekani kwenye picha: nageuza ukuta, na ukingo wa ndani wa dirisha naukwangua kwa mshazari kwa ncha ya kisu, hadi ukingo wa nje unaobaki unakuwa mwembamba kuliko kadi yenyewe. Plastiki nyuma bado ina nguvu, lakini jicho linaona bati.

Kioo ni ile plastiki angavu ambayo wenye saiba huweka juu ya ripoti wakiibaindi. Ina milimita 0.2 hivi, ambayo ni 4.8 ukizidisha, na kioo cha pembeni cha gari kiko hapohapo. Mpira mweusi unaozunguka kioo naufanya kwa uzi wa cherehani, nikiubandika kwa gundi nyeupe ya watoto wa shule. Supagluu usiilete karibu na kioo; mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka.

Rangi. Koti moja nene la kopo la kupuliza linaweza kuacha milimita 0.1. Zidisha, upate milimita 2.4 za rangi, kama gari lililopakwa na mtu anayelipwa kwa lita. Mistari ya milango huzibika, nati hupotea. Makopo ya Kirinyaga Road ni mazuri, lakini pua yake ilitengenezewa bampa ya kweli. Napuliza rangi ndani ya kikombe, naiacha itoe gesi hadi itulie, naongeza thina, kisha natumia brashi ya hewa na kompresa ndogo. Makoti mengi membamba, kila moja likiwa halionekani kuwa limefanya kitu. Ukiwa na plastiki ya boksi la Tamiya, thina ya rangi ya gari huiyeyusha, kwa hiyo praima ya mwanzo iwe vumbi tu, likauke kabla hujarudi. Na wakati wa masika weka kompresa kabatini. Hewa ya Aprili ina maji, rangi hukauka na ukungu wa maziwa juu yake, na hakuna klia, ile rangi angavu ya mwisho, itakayouficha.

Rangi za metaliki siku hizi naziacha kabisa. Punje zake zinapendeza kwenye gari la kweli, lakini mezani zinasimama moja moja hadi unaweza kuzihesabu, maana punje haikugawanywa kwa 24. Weusi mtupu pia naukwepa. Ukitazama modeli hii ukiwa nusu mita, ni sawa na kusimama mita 12 kutoka kwa matatu yenyewe, na kwa umbali huo katika jiji hili hakuna cheusi kilicho cheusi. Natia tone la kijivu. Wengine hubisha kwamba rangi ni rangi. Waje tuziweke juani pamoja.

Michoro ya nganya ilipaswa kuwa sehemu rahisi kwangu, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Haikuwa hivyo. Stika ya kawaida ya dukani ina unene wa karibu milimita 0.1 peke yake, kabla ya gundi, na ukingo wake huweka kivuli kwenye bodi. Ninachotumia ni karatasi ya stika za maji: unachapa, unapuliza klia, unaloweka, na ngozi nyembamba inateleza hadi mahali pake. Shida yake ni weupe. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Inautegemea weupe wa karatasi. Ukiweka uso wa mwanamuziki juu ya bodi nyeusi kwa stika hiyo, uso unazama. Inabidi kwanza upake kivuli cheupe chenye umbo lilelile, kidogo kwa unywele mmoja kuliko mchoro, kisha uulaze mchoro juu. Mwishowe mstari wa sentimita 1 uliochorwa na msanii kwenye gari la kweli huwa milimita 0.4 kwangu, na mkono wangu hauwezi kuuchora, kwa hiyo namwachia mashine bila aibu.

Mstari wa njano ubavuni mwa matatu nao una historia ya kuheshimu. Ulikuja na zile sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kufanya kazi 2004, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ukijenga Nissan ya miaka ya nyuma kabla ya hapo, usiuweke, hata kama unapendeza. Kwenye magari niliyopima mimi mstari ulikuwa sentimita 15 hivi, kwa hiyo milimita 6 na robo. Nambari za njia ya Umoja, 35/60, nazichapa kwenye karatasi ya kawaida na kuziegemeza nyuma ya kioo cha mbele, zimepinda kidogo, maana sijawahi kuona kibao cha njia kilichonyooka.

Modeli ilipofika hapo niliibeba kwenye boksi la viatu hadi stejini jioni, nikawaonyesha watu wa gari ninalopanda. Dere, yaani dereva, aliangalia mkao, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye chapati yake. Makanga, yaani kondakta, ndiye aliyeinama. Hakugusa. Alizunguka boksi lote.

"Siste, hii gari ni kali. Lakini haina kange."

"Mtu mdogo hivyo nitamtengeneza na nini?"

"Si mtu. Mkono wake."

Akaniita hadi mlangoni mwa gari lake. Reli ya kushikilia ilikuwa imepakwa nyeusi juu na chini, lakini pale katikati, upana wa kiganja, rangi ilikuwa imeliwa hadi chuma, na chuma chenyewe kimeng'aa kwa jasho. Ukingo wa ngazi ulikuwa umechakaa kushoto tu, kwa sababu ndiko mguu wake hutua gari likiwa bado linatembea. Kisha akanionyesha kitu ambacho nimekipita kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi: nyuma ya mlango, kimo cha bega, duara la bati lililofifia, lenye mikwaruzo mingi midogo ya kuelekea upande mmoja.

"Hapa ndipo tunagonga dere aende. Pete inakula rangi."

Milimita chache kwenye modeli. Niliondoa mng'ao kwa msasa wa 2000 uliokuwa umeshachakaa, nikakwaruza kwa ncha ya sindano, kisha nikasugua unga wa penseli ya 6B kwenye reli kwa ncha ya kijiti cha pamba, na grafaiti ya penseli ikang'aa kama chuma kilichoshikwa. Watu hawalioni duara hilo hadi waonyeshwe. Makanga wote huliona bila kuonyeshwa.

Kutoka hapo nikaingia kwenye tope, na tope la Nairobi linataka somo lake. Upande wa magharibi, Kabete, Dagoretti, Kikuyu, udongo ni mwekundu. Ukija mashariki na kusini, Embakasi hadi nyanda za Athi, ni ule mweusi unaonata, unaopasuka wakati wa kiangazi na kumeza viatu wakati wa mvua. Kwa hiyo gari la Kawangware, 46, lina wekundu chini ya milango, na gari la Embakasi lina kijivu cheusi. Nimeona modeli nzuri ya gari la Eastlands ikiwa na tope jekundu kila mahali. Dereva wake ama alipotea njia ama aliazimwa gari.

Nachota udongo wenyewe kando ya barabara inakopita hiyo gari, naukausha kwenye sufuria kuukuu, nausaga kwa chupa, kisha naukung'uta kwenye soksi ndefu ya nailoni. Kinachopita ndicho ninachotumia. Kisichopita hakifai, kwa sababu punje ya milimita 0.5 ni jiwe la milimita 12, na matatu haitembei na kokoto zimebandikwa kwenye milango. Unga huo nauchanganya na maji na tone la gundi nyeupe, naurusha kwa mswaki kutoka chini kwenda juu, nyuma ya kila tairi, kwa sababu huko ndiko tairi hurusha. Mlangoni hakuna tope katikati ya ngazi. Abiria wameshalibeba kwa viatu. Kioo cha mbele kina tao mbili safi za waipa. Paa, ambalo watu hulisahau, lina vumbi kavu tu, na michirizi ya mvua inayoshuka pembeni kuanzia kwenye keria. Mtu akitaka kujua kama fundi wa modeli hutembea kwa miguu au hushinda ndani, aangalie paa.

Taa sitazisemea sana. Luthuli Avenue kuna kila kitu. Taa ya LED ya milimita 5 inakuwa sentimita 12, sawa kwa taa kubwa ya mbele. Za ndani tumia zile bapa za milimita 2. Betri ya volti 9 na taa nyekundu inayotaka volti 2 huhitaji kizuizi cha omu 470 hivi, la sivyo itawaka vizuri mara moja. Nyaya zitoe kwenye koili ya spika iliyokufa, ni nyembamba na zimeshapakwa varnishi.

Kwenye rafu kuna gari moja ambalo si matatu, Datsun 240Z, aina aliyoshinda nayo Edgar Herrmann Safari Rally ya 1971. Hasegawa wa Japani waliitolea boksi, na binamu yangu aliniletea. Kila kipande kilikaa mahali pake, stika zilikuwa kamili, maelekezo yalikuwa safi. Niliijenga kwa furaha na sikujifunza kitu kuhusu gari hilo, kwa kuwa sikupima chochote. Ninaisifu kwa wageni. Nikiwa peke yangu sijui niiangalie wapi.

Picha ndizo huharibu modeli nyingi nzuri. Mtu husimama, anainamisha simu, anapiga kutoka juu, na gari lote linageuka toi papo hapo. Macho ya mtu aliyesimama stejini yako mita 1.6 juu ya lami. Gawanya, upate sentimita 6.7. Lenzi ikae hapo. Simu nyingi zina lenzi juu, kwa hiyo igeuze kichwa chini miguu juu, lenzi iwe karibu na meza. Rudi nyuma, kisha kuza. Nyuma weka ukuta wa kweli ulio mbali, au anga ya dirishani saa kumi na moja jioni. Abiria wa kuigiza siwaweki. Mtu wa sentimita 170 anatoka milimita 71, na sura ya milimita 9 bado haijanitii.

Ukitaka kuanza, usianze na gari zima. Jenga mlango mmoja wa matatu na ukuta wa nusu mita, ya barabarani, kila upande. Pima wa kweli kwanza, uombe ruhusa, andika namba zote mbili, ya barabarani na ya mezani, kwenye mistari inayotazamana. Utahitaji fremu za laini, kisu cha wembe na wembe za kubadilisha, rula ya chuma, msasa wa namba tatu tofauti, na kalipa ya plastiki ya kupimia. Ile ya bei ya chini inatosha, mradi mdomo wake ufunge bila kuonyesha mwanga. Mlango wa kweli ukiwa na kimo cha mita 1.8, wako uwe milimita 75. Ukitoka 77, kata mwingine, fremu haziishi.